Umri wa Mshiriki 117

Programu ilikwama hatua ya saba, kama ilivyokwama asubuhi, na kama ilivyokwama jana yake. Maandishi mekundu yalisema: thamani isiyotarajiwa. Hayakusema thamani ipi.

"Imekataa tena?" Kipkemei aliuliza bila kuinua macho kwenye fomu zake.

"Imekataa."

"Ipige kofi. Redio ya babu yangu ilikuwa haisikii lugha nyingine."

Nilifungua daftari langu la makosa. Kila kosa lina ukurasa wake: kilichotokea, nilichobadilisha, kilichofuata, na chini kabisa, sababu. Nabadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Nilijifundisha hivyo mwenyewe, katika duka la kompyuta la Sabiha pale Bungoma mjini, nilikoajiriwa kuchapa barua za watu, nikawa nasoma saa zisizo na wateja. Cheti sina. Dkt. Cheruiyot, anayeongoza utafiti huu wa hospitali, alinichukua Kitale kwa sababu niliwahi kuiamsha kompyuta yake ambayo wenye shahada wawili walikuwa wameshaitangazia kifo.

Mradi wetu unapima ubongo wa wazee wa Trans Nzoia na Bungoma ambao watu wa nyumbani wamesema wanasahau. Kila mzee anapigwa picha mara mbili, mwaka mmoja au zaidi kati ya ya kwanza na ya pili. Mimi naziingiza kwenye programu. Inaondoa fuvu, pichani namaanisha, halafu inapima vipande viwili vidogo vilivyojificha ndani kabisa, kimoja kila upande, vilivyopinda kama punje ya maharagwe. Hapo ndipo mambo mapya yanapowekwa kabla hayajawa ya zamani. Mwishoni inamlinganisha mzee na watu wa umri wake. Kijani ni uzee wa kawaida. Nyekundu ni ugonjwa. Familia hupewa majibu baada ya picha ya pili.

Majina hatuyaoni, tunaona namba. Lakini huyu wa 117 nilimjua. Nilikuwa nimeshika viatu vyake alipokuwa amelala ndani ya mashine. Ni baba yangu.

Ilikuwa inapata miaka mitatu tangu Baba aanze kupotea pale pale nyumbani Mabanga. Alianza kwa kuuliza jambo mara mbili. Halafu akaacha kuitika jina lake. Mama akiita "Wangila!" yeye anatazama mbele kama anayesikia mtu wa boma lingine akiitwa. Kila jioni alikwenda kukaa kwenye gogo karibu na lango, akingoja. Ukimuuliza anamngoja nani, anasema atakuja tu.

Mama alikuwa na swali moja, na kila nilipopiga simu aliliuliza. "Nabwile, ni uzee ama ni ugonjwa? Kama ni uzee, nitazeeka naye. Kama ni ugonjwa, nataka kujua unamchukua kwa mwendo gani."

Nilikuwa nimemwahidi jibu wiki ile.

Basi niliendelea. Nilianza na diski, maana diski ikijaa programu husema chochote kinachoijia mdomoni. Nikafuta vya zamani, nikarudia. Ikakwama. Labda Baba alitikisa kichwa; nikazipitia picha zake kipande kwa kipande, mia moja na themanini na sita, na zote zilikuwa safi. Labda picha iligeuzwa, kushoto kukawa kulia. Kwa hilo tuna dawa: kabla mzee hajaingia kwenye mashine, tunambandika kidonge cha mafuta ya samaki kwenye paji la upande wa kulia, na kidonge hicho hung'aa kwenye picha kama taa ndogo. Nilikitafuta. Kilikuwa mahali pake. Nilikibandika mwenyewe kwa plasta, na Baba akaniuliza kama nimemwekea peremende.

Nikampitisha 116. Akapita. Nikampitisha 118. Akapita pia.

"Basi si programu," nilisema.

"Ni nini?"

"Ni yeye."

Nilifungua jedwali lake, nikasoma safu moja moja kwa kidole. Safu ya nne ilikuwa umri. Picha ya kwanza: 65. Picha ya pili: 72. Kati ya picha hizo mbili ilikuwa imepita miezi kumi na minne.

Programu ilikuwa imejaribu kupima mabadiliko ya kila mwaka, ikapewa mtu aliyezeeka miaka saba kwa mwaka mmoja na miezi miwili. Ningekuwa mimi ningekwama pia.

Fomu ya pili ilikuwa na mwandiko wangu. Siku ile Kipkemei, ambaye kazi yake ni kuwahoji wazee, alikuwa likizo. Nilichukua kitambulisho cha Baba mfukoni mwa shati lake, nikasoma mwaka wa kuzaliwa, 1953, nikahesabu. Sabini na miwili. Fomu ya kwanza ilijazwa na Kipkemei. Kwa hiyo, niliwaza, Kipkemei alikosea. Nikabadilisha kitu kimoja: pale penye 65 nikaandika 71.

Dakika arobaini. Hatua ya saba ikapita. Ya nane, ya tisa. Ukurasa wa majibu ukafunguka na alama ilikuwa ya kijani. Ilikuwa chini, karibu na mpaka, lakini kijani. Ndani ya kiwango cha umri.

Nilitoka nikasimama kwenye ngazi, nikampigia Mama.

"Ni uzee," nikamwambia. "Mama, ni uzee tu."

Alipiga kigelegele kimoja kifupi, kisha akasema, "Sema tena." Nikasema tena. Nikamsikia akimwambia mtu aliyekuwa karibu, "Nekoye, kamata yule jogoo."

Niliporudi mezani nilifungua daftari ili nimalize ukurasa. Kilichotokea, nilikuwa nimeandika. Nilichobadilisha, nilikuwa nimeandika. Nikafika kwenye sababu, nikaandika: Kipkemei alikosea umri. Nikaiangalia sentensi ile. Sipendi kuandika jina la mtu hapo kabla sijamuuliza. Nilipaswa kumuuliza kabla ya kupiga simu.

"Kipkemei. 117, picha ya kwanza. Uliandika sitini na tano."

"Kama niliandika, niliambiwa."

"Kitambulisho kinasema wakati ule alikuwa sabini na mmoja."

Aliweka kalamu chini. "Ati kitambulisho? Si ni wewe uliandika sheria bana? Imebandikwa hapo nyuma yako. Namba tatu."

Sikuwa na haja ya kugeuka. Niliiandika mimi, kwa herufi kubwa: Usichukue umri wa mzee kwenye kitambulisho. Mwanamume, muulize mwaka wa kisu.

Wazee wengi wa kwetu walipewa tarehe ya kuzaliwa na karani aliyewatazama usoni, akakisia. Lakini hakuna mwanamume wa Kibukusu asiyejua alitahiriwa mwaka gani. Ni mwaka unaogawanyika kwa mbili, Agosti, na kila mmoja anawajua waliosimama naye. Mtu akisema sabini na tatu najua amekosea, namrudisha. Sheria ile ilikuwa imetuokoa mara nyingi, na niliionea fahari.

Kwa Baba sikuifuata. Binti hamuulizi baba yake habari za kisu. Hata ningelikuwa na ujasiri, mdomo usingefunguka. Na niliona hakuna haja: Baba alikuwa mtu wa kiwanda cha karatasi cha Webuye, mtu wa karatasi, hati zake zote zilikuwa kwenye bahasha moja, zimenyooka.

Kipkemei alikuwa ameshaipata fomu. "Hii hapa. Agosti, sabini na nne. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Alisimama na mtu anaitwa Wekoye, na kulikuwa na baridi sana. Halafu akaniimbia."

"Alikuimbia?"

"Wimbo mzima, na mguu anapiga chini. Na asubuhi hiyo hiyo alikuwa ameniuliza choo kiko wapi mara tatu." Akanitazama, sauti ikashuka. "Nabwile, huyu ni mzee wako?"

Nikakubali kwa kichwa.

Mtu aliyezaliwa hamsini na tatu angekuwa na miaka ishirini na mmoja mwaka wa sabini na nne. Kwetu hakuna kijana anayengoja hadi ishirini na mmoja. Angechekwa hata na kuku. Ama Baba alikuwa amesahau kisu, ama kitambulisho kilikuwa kinasema uongo. Na Kipkemei, ambaye amewahoji wazee mia mbili, aliniambia polepole kwamba wanasahau wake, wanasahau watoto, lakini mwaka ule bado hajaona aliyeusahau.

Nilipaka wino juu ya jina lake katika daftari.

Jumamosi nilishuka Bungoma mjini. Mzee Wekoye hutengeneza baiskeli nyuma ya soko, chini ya mabati mawili. Yeye na Baba ni bakoki, yaani walitahiriwa mwaka mmoja, na bakoki wa baba yako anaruhusiwa kukutania apendavyo.

"Nabwile wa Kitale!" aliita kabla sijafika. "Umeniletea sukari ama umeniletea maswali?"

"Vyote viwili, mzee."

"Basi sukari ianze." Aliipokea, akaiweka ndani ya tairi kuukuu. "Na huyo mume, bado mnamtafuta kwa kompyuta?"

"Bado anapakuliwa."

Alicheka mpaka akakohoa. Nikangoja amalize. Kisha nikamwambia, nikitazama spoki na si macho yake, kwamba nahitaji kujua mwaka wao na Baba, kwa sababu ya kazi ya hospitali, na kwamba anisamehe kwa kuuliza.

"Sabini na nne," akasema mara moja. "Asubuhi moja. Yeye mbele, mimi nyuma, sababu mama yake alikuwa anaishi karibu na mto tulikopakwa tope, kwao tukafika kwanza. Alikuwa kijana mdogo lakini hakupepesa jicho."

"Kitambulisho chake kinasema alizaliwa hamsini na tatu."

Mzee Wekoye aliliacha gurudumu lizunguke mpaka likasimama lenyewe.

"Hiyo si yake," alisema. "Hiyo ni ya Wangila."

"Baba ndiye Wangila."

"Babako ni Wanyonyi. Wangila alikuwa mkubwa wake. Huyo alitahiriwa sitini na nane, sisi tukiwa bado tunachunga."

Aliniambia bila haraka, akipangusa mikono kwa kitambaa kile kile kila mara. Mwaka wa sabini na sita kiwanda kilikuwa kinaandika watu. Wangila aliandikwa. Alipewa barua ya kuripoti Jumatatu. Wiki moja kabla, homa ikampanda kichwani, na kufikia Ijumaa walikuwa wanamzika. Baba yao alikuwa amekufa zamani. Nyumbani kulikuwa na mama na watoto wanne wadogo. Jumatatu alfajiri Wanyonyi, mwenye miaka kumi na saba, alifungua kopo ambamo mama yake alikuwa ameficha vitu vya marehemu, akatoa barua na kipande cha utambulisho, akatembea mpaka Webuye.

"Vipande vya siku hizo havikuwa na picha," alisema Mzee Wekoye. "Akaitwa Wangila, akaitika. Akaitika miaka yote hiyo mpaka kiwanda kikazimwa."

"Na nyanya? Alisema nini?"

"Hakusema. Hapo ndipo penye shida, mtoto wangu. Unga wa mshahara alikula, na wale wadogo walisoma. Lakini hakumwita Wangila hata siku moja. Na Wanyonyi hakumwita tena. Alimwita 'wewe'. Mpaka akafa, ni 'wewe, leta maji', 'wewe, funga ng'ombe'. Babako alikuwa anakuja hapa analia kama mtoto. Mimi nilimwambia, bana, mama atapoa. Hakupoa." Akarudia kulizungusha gurudumu. "Halafu wewe ukazaliwa, akakupa jina la huyo mama. Nikajua bado anabembeleza."

Nilichukua boda hadi Mabanga. Mama alikuwa amevaa kitambaa chake kizuri. Jogoo alikuwa ameshaiva, na akina mama wawili wa kanisa walikuwa wamekuja kumshukuru Mungu pamoja naye, wakanikumbatia, mmoja akaniita daktari. Nikangoja wale, wanywe chai, waage. Kisha nikamfuata Mama jikoni.

"Baba anaitwa Wanyonyi," nilisema.

Alikuwa anasugua sufuria. Hakuacha kusugua. "Nani amekuambia?"

"Mzee Wekoye. Wewe ulijua?"

"Aliniambia mwenyewe kabla hajanioa. Mimi niliolewa na Wanyonyi. Nikazaa na Wangila. Ningekosaje kujua?"

"Na hukuniambia."

"Kukuambia nini? Kwamba karo yako ilitoka kwa jina la maiti?" Alimwaga maji. "Ni siri yake. Mimi nilipewa kuitunza tu." Halafu akili yake, ambayo ni ya haraka kuliko yangu, ikafika nilikokuwa naenda. Akageuka. "Kwa hivyo ile kijani."

"Niliiambia mashine ana miaka sabini na miwili."

"Na ana ngapi?"

"Sitini na sita."

"Si ni mtu yule yule? Kichwa si ni kile kile?"

"Kichwa ni kile kile, Mama. Picha ni zile zile. Lakini mashine inauliza, mtu wa miaka hii anapaswa kubaki na kiasi gani? Wa sabini na miwili anasamehewa mengi. Wa sitini na sita hasamehewi."

Alijikausha mikono taratibu, kidole kimoja kimoja. "Nimeshawaambia watu wa kanisa," alisema. Halafu, "Umepima tena?"

"Bado. Jumatatu."

"Ungeacha tu hivyo, nani angejua?"

Swali hilo nilikuwa nimekuja nalo kutoka sokoni. Kitambulisho cha serikali kinasema sabini na miwili. Hakuna ambaye angeuliza.

Baba alikuwa kwenye gogo lake karibu na lango, kofia ya kiwanda kichwani. Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande wa Malaba. Nilikaa kando yake.

"Baba."

Hakugeuka.

Sijawahi kumwita mzazi kwa jina. Nilitazama nyuma kuona kama Mama yupo, kisha nikasema kwa sauti ndogo, "Wanyonyi."

Aligeuka mara moja, wepesi kama mtoto aliyeitwa. "Naam! Nakuja. Ng'ombe wameshakunywa."

Miaka mitatu tulikuwa tukisema amesahau jina lake.

"Unamngoja nani hapa?" nilimuuliza.

"Wangila. Aliambiwa aripoti Jumatatu, na hajarudi." Alinitazama usoni kwa muda mrefu, akitafuta. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni Nabwile."

Nilisema kweli. Ndilo jina langu. Lakini aliposikia alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili juu ya magoti, na uso wake ukawa mdogo.

"Mayi," alisema. Ndivyo alivyokuwa akimwita mama yake. "Mayi, mimi ndiye nilifungua kopo. Kipande cha Wangila kiko na mimi." Aligusa mfuko wa shati, pale alipokiweka maisha yangu yote. "Unga ulikuwa umeisha. Niliona watoto wanalala na maji tu tumboni. Sikutaka kuwa yeye. Nilitaka kazi tu."

Nilikuwa nimemshika mkono.

"Usininyamazie," akasema. "Nipige, lakini usininyamazie."

Nikanyamaza. Mimi ni mtu wa kuandika kile ninachokijua. Nyanya yule sikumwona kamwe. Sikujua kama angesamehe, na niliona si haki yangu kumsemea marehemu. Nilitafuta neno la kweli, la mtoto kwa baba yake, sikulipata kwa wakati. Alisubiri. Kisha akavaa kofia, akarudisha macho barabarani, na mkono wake ukatoka kwenye wangu polepole, bila hasira.

Jumatatu nilimwambia Dkt. Cheruiyot kila kitu, kuanzia kidonge cha mafuta ya samaki. Alisikiliza akiwa ameegemea mlango.

"Kazi ya baba yako hukupaswa kuigusa," alisema.

"Najua, daktari."

"Na mama ukampigia kabla sijaona majibu."

"Nilimpigia."

Alivuta kiti changu, akakaa yeye, akafungua jedwali la 117. "Nisomee umri."

"Picha ya kwanza, sitini na tano. Ya pili, sitini na sita."

Aliandika, akabonyeza. Nilidhani ataondoka, ana wagonjwa, lakini alikaa dakika zote arobaini. Kipkemei naye aliacha fomu zake, akatuletea chai, akasahau kutania. Hatua ya saba ikapita bila neno. Kosa lilikuwa limekwisha. Programu ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa.

Nyekundu. Wenye umri wake mia moja wakipangwa mstari, tisini na saba wana vipande vikubwa kuliko vyake. Na kwa miezi ile kumi na minne alikuwa amepoteza ambacho wengine hupoteza kwa miaka minne.

"Dawa ya kurudisha hatuna," alisema Dkt. Cheruiyot. "Iko ya kumtuliza kidogo. Nitawapigia mimi, kama unataka."

"Hapana. Mimi ndiye nilisema uzee."

Aliponiachia kiti nilifungua daftari. Chini ya sababu niliandika: umri uliojazwa ulikuwa wa ndugu yake marehemu. Aliyejaza ni mimi. Kisha nikashuka kwenye ngazi, nikasimama pale pale niliposimama Alhamisi.

Mama alipokea kabla ya mlio wa pili. Nilimwambia bila kuzunguka. Hakulia. Nilisikia kuku, na mtu akipasua kuni mbali.

"Kwa mwendo gani?" aliuliza.

"Mwaka wake mmoja ni kama mitatu na zaidi ya watu wengine."

"Basi nimejua," alisema. "Ni afadhali nimejua." Halafu akasema, "Nabwile, tangu Jumamosi hali. Naweka chakula, anasukuma. Anasema mama yake amekuja akakaa naye langoni, akakataa kumsemesha. Mimi namwambia mama yako alikufa zamani, analia upya."

Niliketi kwenye ngazi. Watu walikuwa wanapanda na kushuka, wakinipita pembeni.

"Mpe simu," nilisema.

Ilichukua muda. Nilimsikia akimwelekeza sehemu ya kuweka sikio. Kisha pumzi zake.

"Wanyonyi," nikasema.

"Mayi?"

Sikuwa na ushahidi wowote wa nilichotaka kusema. Hakuna mahali pa kuupata.

"Ni mimi. Sijakukasirikia. Ule unga tulikula wote, ukatushibisha. Ulifanya vizuri, Wanyonyi."

Nikadhani simu imekatika.

"Na Wangila?" akauliza.

"Hata yeye hana neno. Amesema kipande ukae nacho. Sasa kula, chakula kisipoe."

"Nitakula," alisema. Kisha akauliza kama ng'ombe wamekunywa maji, na nikamwambia wamekunywa.